Deraya ni moja? Ivae wewe: jibu kwa anayeanzisha kendo chuoni Mbeya

Swali: "Shikamoo mwalimu. Mimi ni mhadhiri msaidizi katika chuo kimoja hapa Mbeya. Shahada ya pili nilisomea Japani, na huko nikajifunza kendo, mchezo wa upanga wa Kijapani, hadi daraja la kwanza la dan. Ofisi ya mshauri wa wanafunzi imeniomba niwaanzishie wanafunzi mazoezi, mara mbili kwa wiki, kwenye ukumbi wa chakula. Waliojiandikisha wamezidi ishirini, na hakuna aliyewahi kuiona kendo isipokuwa kwenye simu. Nina deraya moja kamili, ya kwangu, na shinai sita, yaani panga za mianzi za mazoezi. Niwaanzishe vipi wasichoke wakakimbia? Nifuate utaratibu wa Japani wa kufundisha miguu na kupunga upanga kwa miezi kwanza? Na chuo kikinipa fedha kidogo, ninunue nini?"

Jibu: Marahaba, mdogo wangu. Nianze na lile la katikati, maana mengine yote yanatoka humo. Hiyo deraya usimvishe mwanafunzi. Ivae wewe, na siku ya kwanza kabisa kila aliyefika akupige kichwani kabla hajarudi hosteli.

Utaratibu uliokutana nao Japani naujua. Mgeni wa klabu anakaa pembeni ya ukumbi, anapunga shinai hewani wiki baada ya wiki, anateleza na miguu kwenda na kurudi, na deraya anaiona kwa wenzake tu. Una akili utaratibu ule, lakini umejengwa juu ya msingi ambao Mbeya haupo. Kule tangu mwaka 2012 mafunzo ya budo, yaani sanaa za mapigano za Kijapani, ni ya lazima katika shule za sekondari za chini, na kendo ni mojawapo ya michezo ambayo shule inaweza kuchagua. Kijana wa kule hata kama hajawahi kushika shinai, amekwisha kuona wenzake wakipigana, anajua mlio wake, anajua anaelekea wapi. Wa kwako hana picha hiyo. Ukimpa mwezi mzima wa kupunga hewani, ataamini kendo ndiyo hiyo, na wiki ya majaribio ya katikati ya muhula ikifika hutamwona tena.

Tena kumbuka deraya ilitengenezwa kwa ajili gani. Zamani mafunzo ya upanga Japani yalikuwa ya mienendo iliyopangwa, kwa panga za mbao, kila mmoja akijua mwenzake atafanya nini; ukitaka kupiga kweli, mmoja anaumia. Katika enzi ya Shotoku, 1711 hadi 1715, Naganuma Shirozaemon Kunisato wa shule ya Jikishinkage akaboresha vifaa vya kujikinga na kuweka mafunzo ya kupigana kwa shinai. Baadaye kidogo, katika enzi ya Horeki, 1751 hadi 1764, Nakanishi Chuzo wa shule ya Itto akaja na kofia yenye vyuma na kinga ya kifua ya mianzi. Kwa hiyo vile vitu havikuja kama sare ya kumpendezesha mtu. Vilikuja ili mmoja ajitoe apigwe, na mwingine apige kwa moyo wote bila kuua. Yule anayejitoa anaitwa motodachi, na katika ukumbi wako, kwa muhula mzima wa kwanza, motodachi ni wewe.

Sasa siku yenyewe. Historia niliyokueleza hapo juu usiwaeleze. Wala usianze na video. Pasheni mwili moto dakika kumi, na pasha kweli, maana Mbeya iko karibu mita 1,700 juu ya usawa wa bahari: aliyetoka Dar au Mtwara wiki mbili zilizopita atahema mapema, na Juni jioni kano zinakuwa baridi kuliko mwenyewe anavyodhani. Kisha salamu, ambayo nitairudia. Kisha waonyeshe kushika.

Mkono wa kushoto unakaa mwisho kabisa wa mpini, wa kulia karibu na kile kisahani cha kukinga mkono. Kinachobana ni kidole kidogo na cha pete cha mkono wa kushoto. Kidole gumba na cha shahada vinagusa tu. Mikono inajikunja kwa ndani kidogo, kama mtu anayekamua nguo aliyoifua. Ngumi ya kushoto inakaa mbele ya kitovu, umbali wa ngumi moja hivi, na ncha inaelekea koo la mpinzani. Basi, isizidi hapo siku hiyo. Ukianza kumsahihisha kila kidole, dakika arobaini zitaisha na hajapiga kitu.

Vaa men, ile kofia yenye vyuma usoni, funga kamba, simama mbele yao. Sogeza shinai yako kulia kidogo, kichwa chako kibaki wazi. Mwanafunzi anainua yake juu ya kichwa, anakwenda mbele kwa mguu wa kulia, anapiga katikati ya utosi, anaita "men!", kisha anapita pembeni yako bila kusimama hadi umbali wa hatua tano sita, anageuka, anakutazama tena.

Pigo la kwanza halitakufikia. Ni binti wa mwaka wa kwanza, tuseme, amefundishwa maisha yake yote kwamba mwalimu hapigwi. Anaanza kusogea vizuri, lakini hatua ya mwisho inakatika, kiwiko kinanyooka mapema, na ncha inapita mbele ya vyuma vya uso wako kwa kiganja kizima. Wenzake wanacheka. Usimweleze kitu. Mwambie, "Njoo karibu," na ufungue tena. La pili linafika, lakini ameuma midomo, na baada ya kupiga anasimama palepale akisema "samahani". Mwambie apite. La tatu anaita, sauti haijakaa sawa, mguu haujakaa sawa, lakini shinai inatua juu ya ile pamba nene ya utosini na inalia "pa!" mpaka ukutani, naye anajikuta amekwisha kupita na yuko nyuma yako. Angalia foleni dakika hiyo: waliokuwa wanarekodi kwa simu wanaanza kuziweka mfukoni, wanauliza zamu yao lini.

Kuanzia hapo ukimwambia mtu kwamba kisigino cha kushoto kimelala, anajua kwa nini unamwambia. Ndiyo faida yote ya kuanza hivi. Miguu, mkao, kupunga hewani, vyote utavifundisha, tena sana, ila vitakuwa dawa ya pigo ambalo mtu amekwisha kulionja akaona kasoro yake mwenyewe.

Kuna tahadhari ambayo siwezi kuipita haraka. Watu ishirini mara tatu ni mapigo sitini, na mapigo ya mtu asiyejua ndiyo mazito zaidi, kwa sababu anatumia bega la kulia. Shingo na ubongo wako vinatakiwa darasani kesho asubuhi. Tafuta tairi kuukuu la bodaboda, lifunge imara kwenye nguzo usawa wa kichwa cha mtu, na kila mmoja apige tairi kwanza huku ukimtazama. Anayepiga kama anapasua kuni abaki kwenye tairi. Aliyelegeza bega aje kwako. Chini ya men vaa kitambaa cha kichwa kilichokunjwa vizuri. Pigo likitua nje ya pamba, begani au nyuma ya kichwa, simamisha, rekebisha umbali. Ukisikia kichwa kinavuma, vua men siku hiyo, ushujaa weka kando. Na kosa hili halisamehewi hata kwa utani: mtu asiyevaa deraya hanyooshewi shinai usoni. Vijana wakiachiwa fimbo ukumbini wakati mwalimu anaongea na simu, wataanza kucheza. Zihesabu, zifungie.

Sasa mikono. Wengi wa wanafunzi wa kwetu wameshika jembe kabla ya kushika kalamu, na mwili haujasahau: mkono wa mbele unavuta, mgongo unainama, nguvu inaishia chini. Kwenye shinai mkono wa kushoto ndio unaobeba kazi, wa kulia unaelekeza tu, na mgongo haupindi. Maneno hayatatibu hili. Wape dakika mbili za kuinua na kushusha kwa mkono wa kushoto peke yake, polepole, ncha isitetereke, kisha mkono wa kulia uje ukae juu yake bila kubana. Mwishoni mwa pigo la kichwa ngumi ya kushoto iishie usawa wa chembe ya moyo na ya kulia usawa wa bega. Ukiona ngumi ya kushoto imepanda hadi kidevuni, jembe limerudi.

Jambo la pili ni JKT. Waliopitia mafunzo baada ya kidato cha sita watakupa raha kubwa: wanajua kupanga mstari, kuitikia amri kwa pamoja, na kelele hawaionei haya. Lakini gwaride limewaachia mguu unaopanda juu na kushuka kwa kishindo, na mabega yaliyokakamaa. Wakiona mabingwa kwenye video wakigonga sakafu kwa mguu wa kulia, watasema, "Ah, hii tunaijua." Hawaijui. Mguu ule haupandi. Unasukumwa mbele na mguu wa kushoto, unapita karibu kabisa na sakafu, na kishindo ni matokeo ya mwili mzima kufika. Mimi nawaambia "sahau gwaride" kila kipindi hadi wananitania nalo.

Hapo tunafika kwenye sakafu, na hapa ndipo ninapotofautiana na vitabu vya Kijapani bila kuona aibu. Ukumbi wa kendo Japani una sakafu ya mbao yenye kunesa. Ukumbi wako wa chakula, nadhani, ni saruji au vigae juu ya saruji. Kugonga mguu pale kwa miezi kutakupa visigino vilivyovilia damu na kano za kisigino zinazouma hadi mtu anachechemea kwenda lekcha. Kwa hiyo muhula wa kwanza usifundishe kugonga kabisa. Fundisha kuteleza: mguu wa kulia mbele, vidole vya kushoto usawa wa kisigino cha kulia, nafasi ya ngumi moja katikati, kisigino cha kushoto kimeinuka kidogo. Kulia anatangulia akienda mbele, kushoto anafuata upesi na hampiti. Nyuma, kushoto anatangulia. Chora mistari ya chaki, waende na kurudi, mbele, nyuma, pembeni, uzito ukiwa katikati. Baada ya siku mbili vigimbi vya mguu wa kushoto vitawauma wote. Waambie mapema wasidhani wameumia.

Peku au viatu? Kwenye vigae vikavu na safi, peku, mkishapiga deki na kupapasa chini kutafuta mifupa ya samaki na vipande vya chupa. Ukumbi wa chakula ni ukumbi wa chakula. Kwenye saruji iliyoparuza, raba nyepesi za soli nyembamba, wala usijione umeikosea heshima kendo, maana ngozi ya unyayo ikichubuka mtu anakosa wiki mbili. Soksi hapana, zinateleza.

Kupiga sauti. Usiwape falsafa yake. Hesabu kwa Kiswahili, wao waitikie kwa jina la mahali pa kupiga: "Moja!" – "Men!" – "Mbili!" – "Men!" Hesabu ya Kijapani itakuja yenyewe, hakuna haraka. Aliyezoea kuimba kwaya atatoa sauti kutoka kooni, nzuri lakini nyembamba. Mwambie aitoe tumboni, afupishe. Na kabla ya yote, taarifu walinzi wa chuo na jirani zako wa maktaba. Vijana ishirini wakipiga kelele na fimbo mkononi saa kumi na mbili jioni wanaweza kuletewa wageni wasiowatarajia.

Nilisema nitairudia salamu. Huku nyanda za juu kusini kanisa lina uzito: Wamoravian, Walutheri, Wakatoliki, Wapentekoste wa kila namna, na Waislamu pia wamo darasani mwako. Siku ya kwanza au ya pili, mtu atakuuliza kwa sauti ya chini: "Mwalimu, hapa tunamwinamia nani?" Swali zuri, mjibu waziwazi mbele ya wote. Mnainamiana ninyi kwa ninyi, anayepiga na anayepigwa, kwa kuwa mmoja amempa mwenzake mwili wake ajifunzie. Kuinama kuelekea mbele ya ukumbi ni heshima kwa mahali. Kama inamkwaza mtu, asimame wima kimya, na asidaiwe maelezo. Ile dakika ya kufumba macho mkiwa mmepiga magoti, iite kutulia na kuvuta pumzi, maana kazi yake hapo ni hiyo. Vijana waliolelewa Iringa na Njombe, wanaopunguza mwili mbele ya mtu mzima wakisema "kamwene", hawahitaji somo refu la adabu. Wanachohitaji kuelewa ni kwamba hapa mkubwa naye anainama, tena kwa kina kilekile.

Mabinti wafanye yote sawa na wavulana, na wapokee mapigo yaleyale wakati ukifika. Tofauti iko kwenye uzito wa shinai tu: kwa kipimo cha watu wazima, shinai ya urefu usiozidi sentimita 120, ya mwanaume isipungue gramu 510 na ya mwanamke gramu 440. Kitambaa cha kichwani huna haja ya kuagiza Japani. Khanga moja ya pamba unaikata vipande vitatu vya upana wa sentimita 35 hivi, vinafyonza jasho vizuri sana. Aliyevaa hijabu aivae ya kubana, bila pini. Mwenye rasta azifungie chini, shingoni, zisiinue men.

Kuhusu shinai zenyewe, nakuomba uchukue hili kwa uzito kuliko lolote nililokwambia. Shinai ni papi nne za mianzi zilizofungwa pamoja: ngozi nchani, ngozi ya mpini, uzi unaopita upande mmoja kuonyesha mgongo wa upanga, na kamba ya ngozi inayobana karibu na ncha. Upapi ukipasuka, kibanzi chake kinapita katikati ya vyuma vya men na kuingia jichoni. Kwenye kendo watu wamekufa kwa njia hiyo. Kabla ya kila kipindi mwanafunzi achukue kitambaa cha pamba, akipitishe taratibu kwenye kila upapi kutoka mpini hadi ncha. Nyuzi zikinasa, pana kibanzi. Azibonyeze papi kwa vidole zifunguke kidogo, achungulie ndani, kwa sababu mpasuko mara nyingi unaanzia kwenye kona zisizoonekana. Avute ngozi ya ncha aone kama ni nzima na imebana. Kibanzi kidogo kinasuguliwa kwa msasa; ufa, upapi unatupwa. Kuzungushia selotepu ni kuficha kisu. Kuanzia Juni hadi Oktoba hewa yetu inakauka, mianzi inakuwa mikavu na kupasuka upesi: fungua papi, pitisha mafuta ya alizeti kidogo sana kwa kitambaa, futa, acha zikae siku mbili kabla ya kufunga tena.

Na kwa kuwa mianzi imejaa mabondeni, hasa upande wa Iringa na Njombe, haitachukua mwezi kabla kijana mmoja hajakuletea shinai aliyoichonga mwenyewe. Msifu, kisha iweke ukutani. Mianzi yetu ya ulanzi ina nyama nene na nyuzi zake hazijaandaliwa kwa kazi hiyo. Ikivunjika hujui itavunjikaje. Ipige tairi kama mnataka, lakini isikaribie uso wa mtu. (Ulanzi wenyewe, baada ya mazoezi na si kabla.)

Wiki ya tatu au ya nne utaona kundi limegawanyika: kuna wanaokimbilia kupigana na kuna waliochoka kusubiri zamu yao kwako. Hapo ingiza panga za mbao. Shirikisho la Kendo la Japani lilitoa mwaka 2003 mpango wa mafunzo ya msingi kwa upanga wa mbao, yaani bokuto, wenye sehemu tisa. Unafanywa na watu wawili, pigo linasimama kabla ya kugusa, na hauhitaji deraya hata moja. Sehemu ya kwanza ni mapigo manne yenyewe: kichwa, mkono, ubavu, na kuchoma koo. Nyingine zinaongeza mapigo ya kufuatana, kukwepa, kupangua, hadi kulidaka pigo la mwenzako na kuligeuza. Kwa klabu maskini hii ni hazina. Koo liache kwanza kwa wanaoanza, hata kwa mbao. Kosa dogo pale lina gharama kubwa. Uzuri mwingine ni kwamba kila mmoja anakuwa motodachi kwa zamu, anajifunza kumfungulia mwenzake kwa wakati sahihi, jambo ambalo hatalipata kwa kukupiga wewe tu.

Kabla hawajapigana, wafundishe kuamua. Peleka vitambaa vyekundu na vyeupe kwa fundi cherehani akushonee vibendera, weka waamuzi watatu, na wawili wapige tairi au wakupige wewe kwa zamu. Waamuzi wanainua kama pigo lilikuwa kamili: moyo na sauti, mkao, sehemu sahihi ya shinai mahali sahihi na kwa upande wa makali, kisha umakini unaoendelea baada ya kupiga. Hicho cha mwisho, zanshin, ndicho kinachowashangaza mashabiki wa Simba na Yanga. Mashindanoni mpambano ni dakika 5, anayetangulia kupata alama mbili anashinda, waamuzi wawili kati ya watatu wakikubali alama inahesabiwa. Lakini mtu akirukaruka kushangilia, waamuzi wanaweza kushauriana na kuifuta. Waambie hilo, halafu mwache mmoja apige vizuri na kushangilia kwa mazoea. Vibendera vikishuka, ubishi utakaofuata utawafundisha kuliko nusu saa ya maelezo yako.

Watakuuliza mkanda mweusi unapatikana lini. Kendo haina mikanda. Wa mwaka mmoja na wa miaka thelathini wanavaa nguo zilezile. Madaraja ya kyu na dan yapo, hadi dan ya nane, na yanatolewa kwa mtihani unaosimamiwa na mashirikisho yanayotambuliwa. Lile la kimataifa lilianzishwa 1970, na Afrika Kusini ni mwanachama. Kwa hiyo usichapishe vyeti vya daraja, hata mkuu wa idara akikubembeleza kwa ajili ya ripoti yake. Barua ya kuthibitisha kwamba fulani amehudhuria inatosha.

Wiki sita zikipita hivi, utabakiwa na wanane, labda kumi. Hao ndio klabu. Mmoja wao ambaye mapigo yake ni mepesi na macho yake hayayumbi, mvishe deraya akae mahali pako kwa dakika chache, wewe ukimpiga polepole kwanza.

Fedha sasa. Usinunue deraya ya pili. Nunua shinai, nyingi kadiri utakavyoweza, na papi za akiba, ngozi za ncha na uzi. Za kuagiza zinachelewa, agiza mapema. Baki ya fedha mpelekee fundi seremala akutengenezee bokuto, moja kwa kila wawili angalau. Mpe ya kwako kama kipimo: urefu kama sentimita 102, mpini kama sentimita 24, na unene wa mpini uwe wa umbo la yai, usiwe wa mviringo, ili mkono ujue makali yako upande gani gizani na mchana. Msindano wa Sao Hill ni rahisi kupatikana lakini ni laini, utakatika. Chagua mbao ngumu iliyokauka vizuri, isiyo na fundo, nyuzi zake zikinyooka kutoka mwisho hadi mwisho. Akimaliza kupiga randa na msasa, apake mafuta tu. Mafundi wetu wanapenda kung'arisha kazi kwa vanishi. Mwambie mapema asipake, kwa sababu jasho likikutana na vanishi mpini unateleza, na bokuto inaruka kwa jirani.